RODA, KAMBA NA MTI: NANI ANABEBA NINI?

Leo tutajifunza hesabu ya roda. Ni hesabu ndogo, ya kujumlisha na kugawanya tu. Lakini ukiikosea, mti unaweza kukatika na kumwangukia mtu aliye kisimani.

Hapa Mkula tuna milima ya Udzungwa upande mmoja na bonde la Kilombero upande mwingine. Vijito hushuka milimani na kumwagilia majaruba ya mpunga. Hata hivyo, si kila nyumba iko karibu na kijito, na visima huchimbwa kwa mkono. Mchimbaji yuko chini. Wenzake wako juu, wanavuta tope kwa ndoo na kamba. Tuiangalie kazi hiyo.

Roda ni nini?

Roda ni gurudumu lenye mfereji ukingoni. Kamba hupita katika mfereji huo. Watu wa pwani huiita kapi, nao huitumia kupandisha tanga la jahazi. Hata rimu ya baiskeli isiyo na tairi yaweza kuwa roda, maana ina mfereji na inazunguka.

Roda moja

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi ndoo ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20, bila kuhesabu ndoo yenyewe. Tope ni zito kuliko maji. Ndoo ileile ikijaa tope inaweza kukaribia kilo 40. Tuseme ni kilo 40.

Tumesimamisha nguzo mbili zenye panda, moja kila upande wa kisima. Juu yake tumelaza mti, na kwenye mti tumefunga roda. Kamba imepita juu ya roda. Upande mmoja kuna ndoo, upande wa pili unavuta wewe kwenda chini. Ndoo imetulia hewani, haipandi wala haishuki. Je, unavuta kwa nguvu ya kilo ngapi?

Jibu ni kilo 40. Kitu kikitulia, ujue nguvu zimelingana. Kwa hiyo roda moja ya juu haipunguzi uzito. Faida yake ni kwamba unavuta kwenda chini, na uzito wa mwili wako unakusaidia. Lakini mtu wa kilo 50 asijaribu ndoo ya kilo 60. Ataning'inia yeye, ndoo ibaki chini!

Mti unabeba kiasi gani?

Wengi husema, "Ndoo ni kilo 40, basi mti unabeba kilo 40." Sivyo. Ndoo inaivuta roda kwenda chini kwa kilo 40. Wewe nawe unaivuta kwenda chini kwa kilo 40. Roda imefungwa kwenye mti. Basi mti unabeba:

40 + 40 = kilo 80.

Huamini? Tafuta mizani ya kuning'iniza, kama ile ya kupimia mazao. Ining'inize, kisha funga roda chini yake. Pitisha kamba, funga ndoo yenye maji lita 10, halafu shika upande wa pili wa kamba mpaka ndoo itulie. Mizani haitasoma kilo 10. Itasoma kilo 20 na zaidi kidogo, kwa sababu ya uzito wa ndoo, roda na kamba.

Ukivuta kwa mshazari, uzito juu ya mti hupungua kidogo. Lakini hapo mti unavutwa kando pia, unaweza kuteleza. Ufunge vizuri kwenye panda.

Roda mbili

Sasa funga ncha ya kamba kwenye mti. Ishushe, ipitishe chini ya roda ya pili iliyofungwa kwenye ndoo. Ipandishe tena, ipite juu ya roda ya kwanza, ije mkononi mwako. Ndoo imeshikwa na sehemu mbili za kamba. Kila sehemu inabeba nusu:

40 ÷ 2 = kilo 20.

Unavuta kilo 20 tu. Na mti je? Kanuni ni hii: mti hubeba mzigo pamoja na nguvu ya anayevuta. Basi 40 + 20 = kilo 60. Mkono umepata nafuu, na mti nao umepata nafuu.

Lakini hakuna cha bure. Ili ndoo ipande mita 1, lazima uvute kamba mita 2. Kisima cha mita 8, utavuta mita 16.

Tahadhari

Hesabu hizi ni za ndoo iliyotulia. Ikipanda, kamba husugua na roda hukwama kidogo, hivyo nguvu huongezeka. Ukivuta kwa kushtua, huongezeka zaidi. Basi chagueni mti wenye nguvu kupita hesabu. Kabla mtu hajashuka, jaribuni mti kwa kuvuta ndoo ya mawe mara kadhaa, nzito kuliko ile ya tope. Wakati huo kisima kisiwe na mtu.

Maswali

1. Ndoo ni kilo 30, roda ni moja ya juu. Unavuta kilo ngapi? Mti unabeba ngapi?
2. Ndoo hiyohiyo, roda mbili. Unavuta ngapi? Mti unabeba ngapi?
3. Kisima ni mita 10, roda mbili. Utavuta kamba mita ngapi?
4. Mti unaweza kubeba kilo 70, si zaidi. Ndoo ni kilo 40, roda moja. Utamruhusu mwenzako ashuke?

Majibu

1. Kilo 30, mti kilo 60.
2. Kilo 15, mti kilo 45.
3. Mita 20.
4. Hapana. Mti utabeba kilo 80, utakatika. Tafuteni mti mnene zaidi, tumieni roda mbili, na ndoo ijazwe nusu tu.