Dondoo muhimu: Faili la Ubuntu linapokatika njiani

Faili la kusakinisha mfumo endeshi wa Ubuntu 24.04 lina takriban GB 6. Ukilipakua kwa bando la simu Mugumu, Nyamongo au Sirari, mtandao ukikatika unaweza kulazimika kuanza upya.

1. Hakikisha diski ina nafasi ya kutosha, angalau GB 10.

2. Usihifadhi faili kwenye flashi yenye umbizo la FAT32. Haipokei faili moja linalofika GB 4, hata flashi iwe ya GB 64. Wengi hulaumu mtandao bure.

3. Tumia torenti rasmi ya Ubuntu au amri ya wget -c. Mtandao au umeme ukikatika kisha ukarudi, utaendelea ulipoishia.

4. Zima masasisho, na zuia kompyuta isilale.

5. Ukiwa Sirari, mpakani, chagua mtandao wako mwenyewe kwenye simu na uzime rominga, isije ikanasa mnara wa upande wa Kenya.

6. Linganisha namba ya uhakiki (SHA256) ya faili lako na ya tovuti ya Ubuntu: kwenye Windows tumia certutil -hashfile jina-la-faili SHA256, kwenye Linux sha256sum. Herufi moja ikitofautiana, usisakinishe.

7. Faili bovu usilifute haraka! Lielekeze kwenye torenti ya toleo lile lile, ilikague; itapakua vipande vilivyoharibika tu.

8. Andika flashi kwa programu ya Rufus, baada ya kuhamisha vitu vyako, kwani itafuta vyote.

9. Jirani mjini Tarime akiwa nalo, nakili kwake, kisha hakiki SHA256. Kugawana Ubuntu kunaruhusiwa, nawe mpe mwingine.