Somo la Shamba la Mugongo

Ninyi wakulima wa Goma, wa Masisi na wa Rutshuru, katika masomo mengine mmejifunza juu ya mbegu, mbolea na magonjwa ya mimea. Somo hili ni la shamba moja zima, pamoja na watu waliokaa ndani yake. Maana shamba lina maisha kama mtu: huzaliwa, hupata nguvu, huugua, na pengine hupona. Mwenye kujua maisha ya shamba la mwenzake atalinda vema la kwake.

1. Mahali pake

Mugongo ni ng'ambo ya mpaka, katika Rwanda, mashariki ya Gisenyi, chini ya mlima Karisimbi. Mlima huo una meta 4,507. Udongo wa Mugongo ni mweusi, uliotoka katika moto wa volkano, kama udongo wetu. Lakini Mugongo ni juu kupita Goma, na baridi yake ni nyingi. Goma iko kwenye meta 1,500 hivi tu. Kwa sababu hiyo mimea mingine inayokataa kuzaa Goma huzaa sana kule. Mmoja wao ni pareto.

2. Wenye shamba

Zamani za ukoloni wazungu wengi walifungua mashamba ya kahawa, ya kinini na ya pareto kuzunguka ziwa Kivu. Katika mwaka 1949 walifika Kongo Mwingereza mmoja, mwindaji, jina lake Kenneth Carr, na mke wake Rosamond, Mmarekani. Huyu mama alikuwa mchoraji wa picha katika mji wa New York. Hakujua kulima. Baadaye waliachana, bwana akaenda zake, mama akabaki. Katika mwaka 1955 akawa msimamizi wa Mugongo, na mwisho shamba likawa lake mwenyewe.

Kongo ilipata uhuru katika mwaka 1960, na Rwanda katika mwaka 1962. Wazungu wengi wenye mashamba walifunga mizigo wakaondoka. Mama Carr hakuondoka. Alikaa Mugongo miaka karibu hamsini, pamoja na watu wa kazi waliozeeka naye. Mmoja wao alikuwa Sembagare, msimamizi wake.

3. Kazi ya pareto

Pareto ni ua jeupe lenye moyo wa manjano. Asili yake ni Ulaya, katika nchi ya Dalmatia. Ndani ya ua mna dawa inayoua wadudu upesi, nayo haiwadhuru sana watu na ng'ombe. Lakini samaki huwaua, basi msiitupe mtoni wala ziwani.

Angalieni kazi yake:

Kwanza, hutaka nchi ya juu. Chini ya meta 1,800 majani yatakuwa mengi na maua machache, kwa kuwa bila baridi halichanui vema.

Pili, maua huchumwa kila wiki mbili au tatu, yakiwa yamefunguka. Yaliyo machanga dawa yake haijatimia, na yaliyozeeka dawa yake imepungua. Wala yasichumwe yakiwa na maji, maana yatapata moto kikapuni na kuoza.

Tatu, hukaushwa siku ile ile. Kilo nne hivi za maua mabichi hutoa kilo moja ya maua makavu. Kwa hiyo kila shamba kubwa la pareto lilikuwa na nyumba ya kukaushia, yenye moto chini na vitanda vya wavu juu. Yakiisha kukauka, yawekwe gizani, pasipo unyevu, maana jua huiharibu dawa.

4. Soko lilipobadilika

Baada ya vita iliyokwisha mwaka 1945, dawa mpya za wadudu zilienea duniani, kama DDT. Baadaye, katika miaka ya 1970, wenye elimu walitengeneza dawa zinazofanana na ile ya pareto, lakini zisizotoka katika ua. Soko la pareto likawa la kupanda na kushuka.

Mugongo haukufa pamoja na pareto. Mama Carr alipanda maua ya kupamba nyumba, akayauza kwa hoteli na kwa wakubwa wa mji. Udongo ni ule ule, na mikono ile ile; zao tu ndilo lililogeuka.

Huku kwetu mambo yalikwenda njia nyingine. Tarehe 30 ya mwezi wa 11, 1973, Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba na maduka ya wageni yatapewa wenyeji. Wengi waliopewa hawakuwa wakulima; walikaa mbali mjini. Mashamba mengi yakarudi kuwa pori. Kupewa shamba ni siku moja. Kulilima ni kila siku.

5. Nyumba ya kukaushia

Katika mwezi wa 4, 1994, yalianza mauaji ya kimbari ya Watutsi katika Rwanda. Mama Carr alihamishwa. Mwezi wa 7 mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka wakaingia Goma, na kipindupindu kikaua wengi mno. Watu wazima wa Goma wanakumbuka.

Mama huyo alirudi mwaka ule ule, umri wake miaka 82. Alikuta nyumba imeporwa, lakini Sembagare alikuwa hai. Palikuwa na watoto wengi wasio na baba wala mama. Basi walitengeneza ile nyumba ya zamani ya kukaushia pareto, wakaifanya nyumba ya watoto. Ilifunguliwa tarehe 17 ya mwezi wa 12, 1994, ikaitwa Imbabazi. Kwa sababu ya vita watoto walihamishwa katika mwaka 1997, wakarudi Mugongo mwisho wa mwaka 2005. Watoto zaidi ya 400 walilelewa hapo. Mama Carr alikufa tarehe 29 ya mwezi wa 9, 2006, akazikwa Mugongo.

6. Mafundisho

Zao moja si shamba. Aliyetegemea pareto peke yake alianguka nalo.

Jengo jema halipotei. Nyumba iliyojengwa kwa maua ilifaa kwa watoto.

Mali kubwa ya shamba ni watu wake. Nyumba ikiporwa hutengenezwa tena. Bila Sembagare na wenzake, nani angaliitengeneza?

Maulizo

1. Kwa nini pareto huzaa Mugongo, nayo haifai Goma?
2. Ukichuma kilo 40 za maua mabichi, utapata kilo ngapi makavu?
3. Katika kijiji chako kuna shamba gani la zamani? Waulize wazee: nani alilifungua, nani alilifanyia kazi, na leo nani analilima?
4. Zao lako likikosa bei mwaka ujao, utapanda nini mahali pake?