SOMO LA MWEZI: Kamari na Afya ya Mtaa Wetu

Mwezi huu nimeombwa kuandika juu ya kamari, na huenda wengine mkadhani mnajua nitakayosema. Kwamba kamari ni mbaya tumekwisha kuambiwa tangu utoto. Leo natutazame namna inavyowapata watu, kama vile tutazamavyo namna homa inavyowapata watu.

Kwanza nikiri jambo. Miaka michache iliyopita kijana mmoja, fundi seremala wa hapa Makorora, alikuja kwangu kukopa mara tatu. Mara ya kwanza mtoto anaumwa. Mara ya pili kodi ya nyumba. Mara ya tatu akasema kweli: fedha zote zimekwenda katika kubeti. Nami nikamhutubia nusu saa nzima juu ya haya na uvivu. Aliinamisha kichwa, akasema, "Ahsante, Mwalimu," akaondoka. Hakurudi tena. Baadaye mkewe alituambia kwamba ameuza randa na misumeno yake. Mgonjwa alikuja mlangoni kwangu na ugonjwa wake, nami nikampa hotuba.

Neno "mgonjwa" situmii kwa mzaha. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha ya magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, limeiweka kamari inayomshinda mtu kuiacha katika kundi moja na ulevi wa pombe na wa dawa za kulevya. Wataalamu walioandika katika jarida la Lancet Public Health mwaka 2024 walikadiria kwamba watu wazima wapatao milioni 80 duniani wamefikia hali hiyo au kuikaribia. Hao si wajinga milioni 80.

Sasa chukueni penseli, maana mimi ni mwalimu wa hesabu na sijaacha. Tuseme mchezo una nafasi sawa ya kupatia na kukosa, kama kurusha sarafu. Kwa haki, aliyeweka shilingi 1,000 akipatia angerudishiwa 2,000. Tuseme mwenye duka anamlipa 1,900. Basi kwa wastani, katika kila shilingi 100 zinazowekwa, anabaki na 5. Si nyingi. Lakini vijana wetu hawaweki mchezo mmoja. Wanasuka mkeka wa michezo kumi, na sharti yote ipatiwe. Nafasi ya kuipatia yote ni moja katika 1,024. Malipo ya shilingi 1,000 yatakuwa kama 613,000, ambapo kwa haki yangekuwa 1,024,000. Hapo mwenye duka habaki na 5 katika 100, anabaki na 40! Tena angalieni hili: mkeka kuchanika kwa mchezo mmoja tu hutokea mara kumi zaidi ya kupatia yote. Kijana huona amekosa kidogo, na kesho hurudi. Huo si udhaifu wake peke yake. Mchezo wenyewe ndivyo ulivyo.

Sisi wa Tanga tunaijua malaria, na utafiti wake umefanywa miaka mingi huko Amani na Muheza. Aliyeugua hupewa dawa. Lakini hakuna adhaniye kwamba malaria itakwisha kwa dawa tu, sembuse kwa kumgombeza mgonjwa. Hufukiwa madimbwi, hutundikwa vyandarua. Katika kamari madimbwi ni yapi? Ni lile dubwi la sarafu lililowekwa karibu na njia ya watoto wa shule. Ni simu ambayo ndani yake mna fedha zote za nyumba na mchezo pia, usiku na mchana. Ni matangazo katikati ya mpira.

Kwingine wamefukia baadhi. Norwei iliondoa mashine za namna hiyo tarehe 1 Julai 2007, na waliopiga simu kuomba msaada wakapungua. Zilipowekwa nyingine baadaye, zilikuwa na kikomo cha fedha ambazo mtu anaweza kupoteza. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2016, waliweka umri wa miaka 25. Kwetu, sheria ya mwaka 2003 iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inawakataza walio chini ya miaka 18. Umri umeandikwa, lakini ni nani anayeuliza mlangoni? (Serikali nayo hupata kodi humo, kwa hiyo tusikae tukiingoja peke yake.)

Nyumbani, dalili ni kukopakopa, vyombo kutoweka, na ukali akiulizwa habari za fedha. Mkiziona, msianze na hotuba. Mwombeni mwenyewe akubali mke au ndugu amshikie fedha kwa muda, na mfuatane naye hospitali ya Bombo kwenye huduma ya afya ya akili. Akisema amechoka na maisha, nendeni naye siku hiyo hiyo.

Maswali ya vikundi:

1. Kati ya nyumba zetu na shule, mna mashine ngapi za kamari? Wazee wawili watembee wazihesabu, kisha tumpelekee mwenyekiti wa mtaa.

2. Fanyeni hesabu ya mkeka wa michezo mitano kwa malipo yale yale ya 1,900. Mwenye duka anabaki na ngapi katika 100? Vijana wafanye ubaoni, wazee wasahihishe.