Skrini ya Kutazama Hesabu za Mbali: Tununue Nini?



Kikundi kimoja cha akina mama kiliniletea karatasi ya bei kutoka dukani. Walikuwa wameweka akiba wamsaidie binti wa kijiji chao anayesomea mambo ya mvua na ukame katika chuo kikuu, ili wakati wa likizo afanyie kazi nyumbani badala ya kulipa chumba mjini. Kompyuta waliyoandikiwa ilikuwa na kadi kubwa ya kuchora picha, na hiyo kadi peke yake ilikula karibu nusu ya pesa. Mweka hazina akaniuliza, "Dada, hii ni lazima?" Mimi si fundi. Nililipeleka swali kwa mtu anayejua, na haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza ulizeni: hesabu inafanyika wapi? Binti huyu anatumia takwimu za mvua ziitwazo CHIRPS, zinazotayarishwa na Chuo Kikuu cha California kule Santa Barbara, Marekani. Zinaanzia mwaka 1981, na zinagawa nchi katika vipande vya kama kilomita 5 kila upande. Hesabu zenyewe anazipiga kwenye mashine kubwa ya chuo. Nyumbani anataka tu kuandika amri na kuona ramani. Sasa, nani hununua kinu cha posho kwa sababu anataka kula ugali? Mahindi hupelekwa kinuni, na wewe unahitaji debe la kubebea unga.

Jambo hili si geni. Mwaka 1984, katika chuo cha MIT huko Marekani, ulianzishwa mtindo uitwao X, wa kuonyesha mbele yako kazi ya mashine iliyo mbali. Baadaye vyuo vingi vikanunua skrini zenye kibodi na kipanya tu, bila diski. Halafu mwaka 1998 programu ya VNC, iliyotengenezwa Cambridge, Uingereza, ikaanza kutolewa bure.

Tofauti ya hizi mbili inagusa mfuko. X hutuma maagizo ya kuchora, na mashine mbili huulizana na kujibizana mara nyingi. Ndani ya jengo moja ni sawa, lakini kwa umbali mrefu inachosha. VNC hutuma picha ambayo imeshachorwa kule kule. Kwa hiyo kadi kubwa iliyo nyumbani haina kazi. Tena stima ikipotea kijijini, kazi iliyo kwenye mashine ya chuo huendelea, na ukirudi unaikuta ulipoiacha. Kwetu hilo si dogo! Kuna ramani za kuzungusha ndani ya brauza ambazo huchorwa hapo nyumbani, lakini hata hizo, kwa kazi ya kawaida, uwezo unaokuja ndani ya laptopu hutosha.

Basi pesa iende wapi? Mimi ningeiweka kwenye skrini. Laptopu nyingi za bei ya chini zina nukta 1366 kwa 768, na ramani zina herufi ndogo ndogo, macho yanaumia. Tafuteni 1920 kwa 1080. Laptopu iliyotumika yenye ramu ya gigabaiti 8 inatosha. Iwasheni hapo dukani, mwandike kwa kila kidude cha kibodi, mchomoe waya mwone betri inakaa muda gani. Ikiwa ina Windows 10, jueni kwamba matengenezo yake ya kawaida ya usalama yalikoma Oktoba 2025. Fundi anaweza kuweka Linux, ambayo ni bure.

Penye sola, fikirieni Raspberry Pi, kompyuta inayotosha kiganjani. Ya kwanza ilitoka mwaka 2012 kwa dola 35 za Marekani. Aina ya 4, ya mwaka 2019, ina chaja ya wati 15 tu. Inaweza kuunganishwa na televisheni yenye tundu la HDMI. Lakini televisheni nyingine hukata kingo za picha na herufi zikawa na ukungu, kwa hiyo fundi airekebishe kabla hamjalipa.

La mwisho ni njia ya intaneti, na hapa wengi hudanganyika kwa kutazama kasi tu. Setilaiti ya zamani iko kilomita kama 36,000 juu: ukibonyeza, jibu linachukua karibu nusu sekunde hata kama mmelipia kasi kubwa. Kufanya hivyo siku nzima ni mateso. Starlink, iliyoanza Kenya mwaka 2023, huruka chini zaidi, na mtandao wa simu wenye mnara wa karibu nao unaweza kufaa. Mpelekeni mwanafunzi kwa jirani mwenye njia hiyo, aingie kwenye mashine ya chuo na kusogeza ramani nusu saa, ninyi mkitazama.

Wale akina mama walichukua laptopu iliyotumika na skrini pana ya kando. Pesa iliyobaki iliwekwa kwa bando, na mweka hazina akadai risiti ya kila kitu, hata ya waya.