Kusaka asili ya neno: jicho ndani ya dirisha

Kwa Kideni, dirisha huitwa vindue. Nusu ya kwanza haina taabu: vind ni upepo. Ila hiyo -ue ni nini? Hapa ndipo watu huanza kubuni hadithi.

Usibuni. Waulize ndugu zake kwanza. Kifaroe kina vindeyga, na eyga ni jicho. Waviking nao walisema vindauga: vindr, upepo, auga, jicho. Kumbe dirisha ni jicho la upepo, na yafaa, maana nyumba zile hazikuwa na vioo. Wadeni wamelitafuna jicho hilo mpaka ikabaki -ue, ingawa likisimama peke yake bado wanaliita øje.

Uliza zaidi ya ndugu mmoja, kwa sababu wengine ni wakopaji. Ukimfuata Mjerumani utapotea: Fenster yake ni fenestra ya Kilatini. Window ya Waingereza ni vindauga ile ile, waliyoachiwa na Waviking. (Nasi tusicheke; dirisha tumelitoa kwa Waajemi.) Ndani ya Kideni chenyewe, neno likianza na be-, kama betale, kulipa, mara nyingi lilikuja na wafanyabiashara wa Kijerumani wa kaskazini.

Ukitaka kurudi nyuma zaidi ya Waviking, shika kanuni aliyoionyesha Mdeni Rasmus Rask katika kitabu chake cha 1818: p ya Kilatini hulingana na f ya lugha za Kigermaniki, na sauti ya k hulingana na h. Pater ni fader, baba. Piscis ni fisk, samaki. Cornu ni horn, pembe. Sasa pima have ya Kideni na habere ya Kilatini. Zote mbili maana yake ni “kuwa na”, na zinafanana kama mapacha. Si ndugu! H kwa h haikubaliki. Ndugu halisi wa have ni capere, kushika. Mimi neno likifanana mno na la mbali, ndipo ninapolitilia shaka.

Kisha hakikisha katika Ordbog over det danske Sprog, kamusi ya juzuu 28, inayosomwa bure mtandaoni.

Jaribu mwenyewe na nabo, jirani. Bo ni kukaa. Kwa na-, mwulize Mjerumani “karibu” husemwaje kwao.