Utata wa Neno "Masafa" katika Vyombo vya Rimoti

Makala haya yanachunguza neno masafa, lenye maana mbili zinazogongana: umbali, na idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde. Kwa mwenye gari au ndege ya mfano inayoongozwa kwa rimoti (wengine husema kitenzambali), mgongano huo si wa kamusi tu. Akiambiwa "masafa makubwa" atadhani chombo kitafika mbali zaidi; kumbe huenda ikawa kinyume.

Tuchukue Ewuaso Kedong, katika Bonde la Ufa karibu na mlima Suswa. Penye uwanda wazi, rimoti ya megahezi 27 na ya gigahezi 2.4 zote hufanya kazi. Wimbi la kwanza lina urefu wa mita 11 hivi. Hupinda likazunguka kijilima, ila hudai antena ndefu. La pili lina sentimita 12.5 tu. Antena yake ni kijiti, lakini mwamba au ukingo wa korongo ukiziba baina ya rimoti na chombo, mawasiliano hukatika. Hata hivyo ndilo lipendwalo leo, kwani rimoti zake nyingi huhamahama chaneli zenyewe. Za zamani, wawili wakikutana chaneli moja, huvurugana.

Watangazaji nao wamezidisha utata. "Masafa mafupi" yao ni mawimbi mafupi, nayo ndiyo yavukayo bahari! Ufupi huo ni wa wimbi, si wa umbali wala wa mitetemo. Tunapendekeza basi: umbali uitwe umbali, urefu wa wimbi utajwe hivyo, na masafa, ya juu au ya chini, yaachiwe mitetemo peke yake.