Bahari shwari na rangi zake: namna ya kuipiga picha kwa simu

Picha nyingi za bahari tunazotumiana zimezidishwa rangi. Maji yana buluu ya dukani, na machweo yana rangi ya machungwa iliyokolea mpaka macho yanauma. Ukimuuliza aliyepiga atakwambia simu ndiyo imetoa hivyo, na hasemi uongo, kwani simu nyingi za siku hizi huongeza rangi zenyewe kabla hujaiona picha. Unaweza kuizuia. Lakini sehemu kubwa ya kazi haiko kwenye simu, iko kwenye kuchagua siku na saa.

Bahari hutulia lini? Mwambao wetu, tangu Lamu hadi Mtwara, unatawaliwa na pepo mbili. Kusi huvuma kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, na hukaza zaidi Juni hadi Agosti. Kaskazi hushika Desemba hadi Machi. Kati ya pepo hizo kuna kipindi cha matlai, hasa Oktoba na Novemba, bahari inapolala. Mwishoni mwa Machi, kabla masika hayajakolea, napo hupatikana siku nzuri. Kama huwezi kungoja msimu, basi ngojea saa. Hata wakati wa kusi, alfajiri huwa na utulivu kuliko mchana, kwa sababu upepo wa baharini huamka jua likishaipasha ardhi moto. Fika ufukweni saa kumi na moja alfajiri. Kwetu jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, na rangi laini (kijivu, waridi hafifu, kijani cha mbali) hukaa kwa dakika 20 hivi kabla ya jua kutoka, na chache baada yake. Ukilala kidogo umezikosa.

Na maji yawe vipi? Kila siku maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Dar es Salaam na Unguja hupanda na kushuka kwa mita 3 hadi 4. Hujaa karibu na saa kumi na kupwa karibu na saa nne, usiku na mchana. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hupungua sana. Kwa picha tulivu mimi napendelea maji mafu. Hesabu mwezi mwandamo: kwenye tarehe 9 na 10, kisha 24 na 25, maji huwa yamepwa alfajiri bila kukimbia mbali. Mwamba wa matumbawe ulio mbele huvunja mawimbi, na maji yaliyobaki upande wa pwani hutulia kama mafuta kwenye sahani. Hesabu hii inaweza kupishana na hali halisi kwa saa moja au zaidi, kwa hiyo jioni iliyotangulia muulize mvuvi, au tazama jedwali la maji kwenye intaneti. Yote mawili ni bure.

Uende wapi? Kwa mapambazuko tafuta ufukwe unaotazama mashariki: Coco Beach jijini Dar es Salaam, Bagamoyo, Paje na Jambiani upande wa pili wa Unguja, au Nyali kule Mombasa. Coco Beach hulipi kiingilio. Ukivuka Likoni kwa miguu kwenda Shelly Beach, kivuko ni bure. Kwa machweo, Forodhani na Kendwa hutazama magharibi. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni hifadhi za bahari, hivyo kuna kiingilio na nauli ya boti. Uliza bei zote mbili kabla hujapanda.

Vifaa? Simu uliyonayo inatosha. Beba kitambaa laini cha pamba kwa ajili ya kufuta lenzi, kwa sababu hewa ya bahari ina chumvi, na utando wake mwembamba hufanya picha ionekane kama imepigwa kwenye ukungu. Stendi ya miguu mitatu inasaidia kwenye mwanga hafifu, lakini usikope kwa ajili yake. Jaza mchanga mkavu kwenye mfuko mdogo, uweke juu ya jiwe au ubavuni mwa mtumbwi, halafu egemeza simu hapo. Weka kipima muda cha sekunde 3, ili kidole chako kisiitikise simu wakati wa kupiga.

Sasa tuingie kwenye simu yenyewe. Kwanza fungua mipangilio ya kamera uzime kile kinachotambua mandhari na kuyaboresha chenyewe. Mara nyingi kimeandikwa AI. Pili, washa mistari ya gridi, ikusaidie kunyoosha upeo wa macho, pale mbingu na maji vinapokutana. Bahari iliyoinama upande mmoja inaudhi kuliko kosa lolote la rangi. Tatu, bonyeza kioo kwa sekunde mbili mahali penye mwanga wa wastani mpaka simu ijifunge hapo, kisha teleza kidole kushuka ili upunguze mwangaza kidogo. Mbingu ikishakuwa nyeupe kabisa kwenye picha, hakuna programu itakayoirudisha. Giza dogo linarekebishika.

Kama simu yako ina sehemu iliyoandikwa Pro, tafuta humo herufi WB. Hicho ni kipimo cha weupe, yaani jinsi simu inavyoamua kitu gani kihesabiwe kuwa cheupe. Ukiiachia iamue yenyewe, inaweza kuufuta ubuluu wa alfajiri ikidhani ni kosa. Chagua alama ya jua, au namba 5500 hivi, uiache hapo asubuhi nzima.

Ndani ya picha usijaze vitu. Ngalawa moja kwa mbali inatosha, au mambo (vigingi) za shamba la mwani. Akina mama wa mwani wako kazini, kwa hiyo toa salamu na uombe ruhusa kabla ya kuinua simu, na ukikataliwa ushukuru uondoke.

Je, bahari isipokuwa ya buluu? Iache ilivyo. Buluu na kijani vya Paje vinatokana na mchanga mweupe ulio chini ya maji ya kina kifupi. Malindi wakati wa mvua maji huwa ya kahawia kwa udongo unaoletwa na mto Sabaki, na Bagamoyo iko jirani na mlango wa mto Ruvu. Kahawia hiyo, chini ya mbingu ya kijivu, hutoa picha nzuri mno. Kuigeuza buluu ni kusema uongo juu ya mahali.

Ukitaka kurekebisha nyumbani, Snapseed ni programu ya bure. Nyoosha upeo, ongeza mwanga kidogo, kisha ukiugusa ukolezi wa rangi iwe ni kwa kuupunguza. Kabla ya yote, angalia kioo cha simu yako: vingi huwekwa katika hali ya rangi kali. Kibadilishe kiwe katika hali ya rangi asili, la sivyo unapima kwa mizani mbovu. Kisha kagua povu la wimbi au tanga jeupe. Kama vimeingia ubuluu au umanjano ambao hukuuona kwa macho, umepitiliza.

Tahadhari ni chache. Usipige picha bandarini wala karibu na kambi za jeshi. Droni inahitaji kibali, Tanzania na Kenya pia. Ukitembea mwambani vaa yeboyebo, kuna miiba, na maji yakianza kujaa rudi mara moja, kwa maana huweza kukuzunguka kwa nyuma ukiwa bado unatazama mbele.

Ukipeleka picha studio kusafishwa, mwambie fundi azime urekebishaji rangi wa mashine, maana nao huongeza chumvi yake. Agiza kwanza nakala moja ndogo, uitazame nje kwenye mwanga wa mchana, na usilipie kubwa mpaka hiyo ndogo ikuridhishe.